Barua Husafiri Peke Yake

Watu wawili wanapozungumza uso kwa uso, maneno yao huwa na wasaidizi wengi. Kuna macho, kuna mikono, kuna sauti inayopanda na kushuka, na kuna ule ukimya mfupi unaomwonyesha msemaji kwamba hajaeleweka. Akiona mwenzake amekunja uso, hurudi nyuma na kulisema jambo lake kwa namna nyingine. Akiteleza, huomba radhi papo hapo na mazungumzo yakaendelea. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na hapana shaka walisema kweli. Lakini hata aliyejikwaa ulimi bado yupo pale pale, na anaweza kukinyosha alichokipinda. Aliyejikwaa kalamu hayupo. Barua yake imekwenda peke yake, imefika mahali asipopajua, imeshikwa na mtu ambaye pengine hamjui, na kila swali litakaloulizwa halitajibiwa na mtu mwingine ila karatasi ile ile.

Jambo hili ni dogo kulitaja na ni kubwa kulifuata. Watu wengi hudhani kuandika vizuri ni kujua maneno mazito, au kuwa na mwandiko wa kupendeza, au kukumbuka kanuni zote za sarufi walizofundishwa shuleni. Mambo hayo yana faida yake. Lakini kwa barua za kila siku, zile za kuomba, kulalamika, kuarifu, kudai na kushukuru, naona kanuni moja inatosha kuzizaa nyingine zote: mwandishi ajiweke mahali pa yule atakayeipokea, naye hana wa kumuuliza.

Nimekaa na barua za watu wengine kwa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa masijala, yaani chumba ambamo barua za ofisi hupokewa, huandikishwa na kuwekwa katika majalada. Tangu nilipostaafu, majirani huniletea barua zao nizitazame kabla hazijatumwa. Kwa hiyo nimeziona barua zikiingia, na sasa naziona zikitoka, na pande hizo mbili zimenifundisha kitu kimoja.

Barua ina maisha marefu kuliko mwandishi anavyofikiri. Barua za Kiswahili za kale kabisa zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, na leo zimehifadhiwa Goa, huko India. Walioziandika walikuwa na shughuli zao za wakati ule na wasomaji wao waliowakusudia. Hawakuwa na habari kwamba zaidi ya miaka 300 baadaye wataalamu wangeinamia kila mstari wao. Msomaji wa hati zile alikuwa na kazi ya ziada, kwani hati ya Kiarabu ina alama tatu tu za irabu fupi, hali Kiswahili kina irabu tano. Ilimbidi ajue mwenyewe kama neno lina e au i, o au u. Sisi tunaoandika kwa herufi za Kirumi tuna irabu zote tano, na kwa hiyo hatuna kisingizio.

Hata barua za nyumbani hazijui mwisho wake. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kuanzia mwaka 1931 hadi 1958 zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2002, miaka 40 baada ya kufa kwake. Barua zetu sisi wengine hazitapata heshima hiyo. Lakini siku hizi ujumbe wa simu ulioandikwa kwa rafiki mmoja unaweza kufika kwa watu 200 kabla ya magharibi, na barua ya malalamiko iliyoandikwa kwa hasira inaweza kufunuliwa ndani ya jalada miaka kumi baadaye, siku mwandishi wake anapoomba kazi katika ofisi ile ile. Mtu anapoandika, na akumbuke kwamba anaandika pia kwa msomaji asiyemtarajia.

Sasa niseme barua inavyopokewa. Katika masijala, barua ikifika hupigwa mhuri wa tarehe, huandikwa katika rejista, hutafutiwa jalada lake, ndipo ipelekwe kwa ofisa anayehusika. Karani anayefanya kazi hiyo hasomi kama mtu anayesoma hadithi chini ya mwembe. Ana lundo mezani. Macho yake yanatafuta mambo manne: nani ameandika, kuhusu nini, anataka nini, na jambo hili lilianzia wapi. Akiyapata, barua inakwenda. Asipoyapata, barua huwekwa pembeni ili isomwe baadaye kwa utulivu, na huo utulivu aghalabu hauji.

Ndiyo maana kichwa cha barua kina kazi kubwa. Wengi huandika “YAH: MAOMBI” wakaishia hapo. Maombi ya nini? Ya kazi, ya kiwanja, ya likizo, ya msamaha? Linganisha na mtu aliyeandika “YAH: MAOMBI YA KUREKEBISHIWA ANKARA YA MAJI YA MWEZI MACHI, NYUMBA NA. 14.” Huyu wa pili amekwisha kufanya nusu ya kazi ya karani. Barua yake itajua njia. Na kama kuna barua iliyotangulia, namba yake ya kumbukumbu na tarehe yake ziandikwe, kwa sababu namba hiyo ndiyo ufunguo wa jalada. Nimeona watu wakilaumu ofisi kwamba haina kumbukumbu, hali wao wenyewe wana barua ya ofisi hiyo mfukoni, yenye namba, na hawakuitaja.

Barua pepe haijabadili jambo hili. Mmarekani Ray Tomlinson alipotuma ujumbe wa kwanza wa namna hiyo kati ya kompyuta mbili mwaka 1971, na kuchagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine yake, alifupisha safari ya barua. Hakumwongezea msomaji saa za siku. Anayepokea barua pepe 60 kwa siku anaona vichwa kwanza, naye huchagua. Humo atakuta “Habari,” “Salaam,” “Muhimu sana,” na nyingine hazina kichwa kabisa. Mwandishi aliyeandika “Mkutano wa wazazi umehamishiwa Jumamosi tarehe 14” ameshamfikishia habari hata asiyeifungua barua.

Hapa nitaulizwa kuhusu salamu. Sisi ni watu wa salamu. Tulikua tukiandika kwamba mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Maneno hayo yalikuwa na utamu wake, na katika barua ya mama kwa mwanawe bado yana mahali pake. Sikubaliani na wale wanaosema salamu ni kupoteza wakati. Barua inayoanza na amri, bila hata “Ndugu,” humfanya msomaji ajihisi amegongwa bega na mpita njia. Lakini salamu ni mlango, si sebule. Mstari mmoja wa heshima unatosha katika barua ya kazi, kisha shauri liletwe. Tena kuna maneno yanayovaa joho la heshima na ndani hayana kitu, kama vile “tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.” Msomaji amekwisha kukisoma kichwa hicho, na ndiyo sababu anaendelea kusoma. Mstari huo ungeweza kubeba ombi lenyewe.

Kuhusu kushawishi kwa maandishi, nitatoa mfano wa jirani yangu mmoja. Alifiwa na mumewe, aliyekuwa mtumishi. Mahakama ya Mwanzo ilimteua mama huyu kuwa msimamizi wa mirathi, naye akaandika kwenye ofisi iliyohusika kudai mafao ya marehemu. Aliandika mara mbili asijibiwe. Aliponiletea nakala ya barua yake ya pili niliisoma kwa huzuni, maana ilikuwa na kila kitu isipokuwa kilichotakiwa. Ilikuwa kurasa mbili zilizojaa. Ilieleza ugonjwa wa marehemu tangu ulipoanza, ikaeleza mwenye nyumba anavyodai kodi, ikaeleza ndugu wa mume walivyogeuka, na katika mistari miwili ya mwisho ikasema, “Kwa hiyo naomba msaada wenu.” Cheki namba ya marehemu haikuwamo. Tarehe ya kifo haikuwamo. Barua ya kwanza haikutajwa. Na lililokuwa zito kuliko yote, jina la kwanza la marehemu liliandikwa kwa namna moja katika barua ya ajira, kwa namna nyingine katika cheti cha kifo, na kwa namna ya tatu katika hati ya mahakama.

Jambo hilo la majina ni la kawaida kwetu. Mtu mmoja huitwa Athumani na mwalimu wake, Athuman na karani wa ajira, na Othman katika cheti. Yeye mwenyewe huitika yote, wala haoni neno. Lakini siku hayupo kuitika, herufi hizo huwa watu watatu, na ofisi haitamlipa mtu wa kwanza kwa kifo cha mtu wa tatu. Mama yule alihitaji hati ya kiapo kuthibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kiapo kikapatikana, tukaandika barua ya nusu ukurasa. Kichwa kilitaja mafao, jina la marehemu na cheki namba yake. Aya ya kwanza ilisema yeye ni nani na anaomba nini, ikitaja barua zake mbili kwa tarehe zake. Aya ya pili ilieleza tofauti ya majina katika sentensi moja na kuelekeza kwenye kiapo. Aya ya tatu ilitaja viambatisho kwa kuvihesabu, kimoja hadi cha tano, na ikaomba ajulishwe kama kuna hati nyingine inayopungua.

Nilipomsomea, mama akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, “Baba, mbona watoto wangu umewatoa?”

Swali hilo lilinigusa, kwani lilikuwa la haki. Barua ile ndefu ilikuwa kilio chake, na mimi nilikuwa nimemletea kitu kinachofanana na ankara. Tukaongeza sentensi moja: kwamba ana watoto watatu, na wa kwanza anatakiwa kuripoti chuoni mwezi Oktoba akiwa na ada. Akaridhika, na barua ikawa bora kuliko kabla ya swali lake. Maana sentensi ile haikuwa kilio tu. Ilikuwa na tarehe. Ofisa aliyeisoma aliweza kuona kwa nini jambo hilo lisingoje, na lisingoje mpaka lini.

Baada ya wiki tano jibu lilikuja, likiomba fomu moja zaidi. Fedha zenyewe zilichukua miezi mingi mingine, na Oktoba ilipita. Kijana alikwenda chuoni kwa mkopo wa jamaa. Sitaki msomaji adhani kwamba barua nzuri hufungua kila kasha. Lakini jibu lile lilimtoa mama katika giza la kutojua na kumweka katika njia yenye hatua zinazohesabika, na mtu mwenye hatua za kuhesabu hulala usingizi.

Katika hilo naona siri yote ya kushawishi. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, lakini ofisa hayuko pangoni. Yuko mezani, na anatafuta namna ya kulimaliza shauri lako bila kujiingiza katika lawama. Mpe sababu anayoweza kuiandika katika dokezo kwa mkubwa wake. Mwambie waziwazi unataka afanye nini. Omba jambo moja katika barua moja, kwa kuwa barua yenye maombi manne hujibiwa lile jepesi na matatu yakasahauliwa. Na huruma uiweke mahali pamoja, ipumue, usiinyunyize kila mstari mpaka ikose ladha.

Sasa nije kwenye makosa madogo, maana hayo ndiyo huharibu barua zilizofikiriwa vizuri. Kiswahili ni lugha ambayo herufi moja ina nguvu ya ajabu. “Nimelipa shilingi 400,000” na “nimelipwa shilingi 400,000” zimetenganishwa na w peke yake, lakini katika hati ya deni w hiyo inamhamisha mdai akawa mdaiwa. Katika mkataba wa nyumba, mpangaji na mpangishaji ni maneno mapacha, na aliyechanganya hayo mawili amempa mgeni paa la mwenzake. “Wasiolipa hawataruhusiwa” ikipoteza herufi mbili za kwanza za neno la pili inakuwa ruhusa kwa wote. Na sisi ambao lugha zetu za nyumbani huchanganya l na r tuna mtihani wetu wa peke yetu. Mwalimu anayemwomba mfadhili kalamu 40 kwa ajili ya wanafunzi, akaandika karamu 40, ameomba shughuli ambayo kijiji hakijapata kuiona. Anayewahimiza wananchi wakapige kula amewaita chakulani.

Makosa ya namna hii mara nyingi hayakamatwi na mashine, kwani kalamu na karamu yote ni maneno halali. Tena kompyuta isiyoelekezwa kwamba inasoma Kiswahili hupigia mstari mwekundu karibu kila neno, na baada ya siku mbili mwandishi huzoea wekundu huo kama mtu anavyozoea kelele za barabarani. Kosa la kweli likipita humo, halionekani.

Tarakimu nazo zina hila zake. “Elfu ishirini na tano” kwa kawaida ni 25,000, lakini mtu mwenye nia mbaya anaweza kusimama mbele ya baraza akadai kwamba ni 20,005, na sarufi isimkane. Ndiyo maana wazee wa hesabu waliandika kwa tarakimu na kwa maneno pamoja, tena wakatanguliza idadi na kuifuatisha elfu: Sh. 25,000/= (shilingi ishirini na tano elfu tu). Hilo neno “tu” la mwisho ni kufuli. Saa pia ni za kuangaliwa. Saa 3 asubuhi yetu ni 9:00 ya saa ya mgeni. Ukimwandikia mteja aliye Uingereza kwamba mkutane saa 3:00, yeye ataelewa saa tisa, nawe utamngoja asubuhi nzima. Na tarehe 5/6 kwetu ni Juni 5, bali kwa Mmarekani ni Mei 6. Kuandika jina la mwezi kwa herufi kunagharimu sekunde mbili.

Kuna hatari nyingine isiyo ya tahajia. “Juma alimwambia Ali kwamba baba yake ameuza shamba lake.” Baba wa nani? Shamba la nani? Katika mazungumzo kidole kingeonyesha. Katika karatasi hakuna kidole. Ni afadhali kulirudia jina mara tatu, hata kama sikio halipendi, kuliko kuwaachia warithi kesi.

Basi mtu afanyeje ili aone makosa yake? Kwanza aelewe kwa nini hayaoni. Jicho la mwandishi halisomi kilichoandikwa, linasoma alichokusudia. Akili inakijua kitakachofuata, nayo hukijaza hata kama hakipo. Kwa hiyo mbinu zote za kusahihisha zina shabaha moja, nayo ni kumfanya mwandishi awe mgeni wa maandishi yake.

Dawa ya kwanza ni usiku mmoja. Barua iliyolala ukaiamkia asubuhi ni kama imeandikwa na mtu mwingine. Kama hakuna usiku, hata nusu saa ya kunywa chai inasaidia. Dawa ya pili ni sauti. Macho huweza kuruka, ulimi hauwezi; lazima utamke kila neno, na pale unapokwama au kukosa pumzi, msomaji naye atakwama. Dawa ya tatu ni karatasi na rula. Chapisha barua, weka rula chini ya mstari, ishushe mmoja mmoja. Dawa ya nne ni kupita mara ya pili kwa ajili ya majina, tarehe na tarakimu peke yake, ukiwa na hati za asili pembeni. Usisahihishe jina kwa kumbukumbu. Litazame katika kitambulisho. Jumla yoyote ijumlishe upya. Na vichwa vya habari visomwe kwa makini kuliko maandishi ya chini, maana watu huamini kwamba herufi kubwa haziwezi kukosewa, na kwa hiyo hakuna azisomaye.

Dawa ya tano ni jicho la pili. Wapiga chapa wa zamani walisoma prufu wawili wawili: mmoja akisoma kwa sauti nakala ya asili, akitamka hata nukta na mkato, na mwenzake akifuata katika prufu kwa kalamu. Nyumbani, mtoto wa darasa la sita anatosha kwa kazi hiyo, naye atajifunza kitu. Ila usimuulize, “Barua ni nzuri?” Atasema ni nzuri. Muulize, “Huyu mtu anataka nini?” Akishindwa kujibu kwa sentensi moja, barua haijakamilika.

Na kuna onyo la wenye Kiswahili peke yao. Kila unaposahihisha neno moja, isome sentensi nzima upya. Lugha yetu ni kama kamba ya shanga: ukivuta moja, zote husogea. Ukibadili “mtoto wangu mdogo anasoma” ili mtoto awe wawili, lazima wangu abaki na mdogo abadilike, na anasoma awe wanasoma. Atakayebadili nomino akaondoka atawaacha watoto wadogo “anasoma.” Makosa mengi niliyoyaona katika hati zilizopitiwa mara tatu yalizaliwa na masahihisho.

Haraka ya simu imeongeza kishawishi kimoja ambacho bahasha haikuwa nacho. Zamani mtu aliyekasirika aliandika barua kali, kisha akatafuta bahasha, kisha stempu, kisha akaenda posta, na njiani hasira ilipoa. Sasa hasira na kutuma viko chini ya kidole kimoja. Nawashauri vijana waandike barua kali wapendavyo, ila jina la mpokeaji walijaze mwisho kabisa, baada ya kusoma, na baada ya kuhakikisha kwamba kiambatisho kilichotajwa kimeambatishwa kweli. Wajihadhari pia na ile “nakala kwa.” Kumpelekea mkubwa wa mtu nakala ya kosa lake kabla hujamwambia mwenyewe ni kumpiga hadharani, na aliyepigwa hadharani hakusaidii tena.

Wengine huniambia kwamba siku hizi zipo programu za akili bandia zinazoandika barua nzima kwa dakika moja, na kwa hiyo mashauri haya yamepitwa na wakati. Nimeziona barua hizo. Zina adabu, zina aya, na tahajia yake mara nyingi ni safi. Lakini programu haikujui. Haiijui cheki namba ya marehemu wako, wala haijui kwamba jina lake lina sura tatu, na pale isipojua inaweza kujaza kwa kubuni. Aliyepewa barua na mashine anabaki na kazi ile ile: kujua anataka nini, na kukagua kila jina na kila tarakimu. Sahihi chini ya barua ni yake.

Wala asijidharau mtu aliyesoma kidogo. Kikaratasi bora nilichopata kupokea kiliandikwa na fundi seremala kwa kalamu butu: mlango utakuwa tayari Ijumaa saa 10 jioni, bei imebaki 60,000, njoo na mtu wa kusaidia kubeba. Hakikuwa na neno moja zito. Nilijua siku, saa, fedha, na kwamba nisije peke yangu. Wapo wasomi wa shahada mbili wasioweza kumfanyia mtu hisani hiyo.

Kwa hiyo naliona suala la kuandika vizuri kuwa ni la tabia kabla ya kuwa la elimu. Mtu anayesoma barua yake mara ya pili anaheshimu wakati wa mtu asiyemwona. Pale utakapochoka na kusema “wataelewa tu,” ujue kwamba hapo ndipo unapomtupia mwingine mzigo uliokuwa wako, na mwingine huyo anaweza kuwa karani aliyechoka, au mjane, au mtoto wako siku haupo. Soma tena, tia mkato wako, litazame jina katika kitambulisho, kisha ndipo uifunge.